Mashine Iliyotiwa Mikono Saba

Kuna nchi moja ambayo mimi sijafika, na atakayesema ameniona huko amenifananisha. Jina lake silitaji, si kwa woga, la hasha, ni kwa sababu za kiafya. Nasikia tu kwa watu wapitao. Wanasema ni nchi yenye bahati: ina mito, ina madini, na juu ya hayo ina Waziri wa Ubunifu na Sherehe.

Kazi ya Waziri huyo ni kuhakikisha hakuna mtu anayebuni kitu kimyakimya. Ukiunda mashine, iwe ya jikoni, ya kiwandani au ya hospitali, huna ruhusa ya kuitumia mpaka ipate hataza, yaani ile hati yenye muhuri inayosema mashine hii ni halali na imebuniwa na fulani. Mashine isiyo na hataza ni kosa la jinai. Sheria ilitungwa kuwalinda wabunifu, na kweli imewalinda. Wengine wanalindwa gerezani mpaka leo.

Katika mji mdogo wa nchi hiyo uitwao Kichakamba aliishi mama wa makamo, Kidawa, fundi wa kutengeneza vyerehani vibovu. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya mashine yasiyotoka hata kwa majivu. Alikuwa na binti mmoja, Saumu, na mwaka wa nyuma Saumu alijifungua mtoto wa kiume kwenye zahanati ya mji. Mtoto alitoka na ute umemjaa kooni. Mashine ya kunyonya ute ilikuwepo, tena nzuri, ya msaada, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi. Kilichokosekana ni umeme. Mkunga, Bi Mwatime, alifanya yote anayoyajua kwa mikono yake miwili. Mtoto hakulia. Saumu alirudi nyumbani na nguo za mtoto zikiwa bado zimekunjwa, na Kidawa, ambaye watu walimtazamia kulia, alikasirika.

Hasira ya fundi huingia mikononi. Kidawa alichukua kanyagio la cherehani, akachukua pampu ya baiskeli, akageuza ile ngozi ya ndani nyuma mbele, na pampu iliyozoea kupuliza ikaanza kuvuta. Akaiunga na chupa ya jamu na mpira mwembamba. Ukikanyaga, inanyonya. Umeme ukatike usikatike, shauri yao. Aliijaribu kwa uji mwepesi, ikaufyonza bakuli zima mpaka Saumu akacheka, na Saumu alikuwa hajacheka kwa miezi.

Bi Mwatime alipoiona alishika kifua. Kisha akaangalia mlangoni.

"Dada Kidawa," akasema, "hii ikikutwa humu bila hati, mimi sina kazi na wewe huna uhuru."

"Saumu ana mimba tena. Miezi mitano."

"Najua, si mimi niliyempima? Ipeleke wizarani ikapate hataza. Miezi minne inatosha kabisa."

Bi Mwatime alikuwa mtu mzuri, ila hakuwa amewahi kufika mji mkuu.

*

Ofisi ya Hataza ilikuwa na foleni ya watu na mashine, na Kidawa alijifunza mengi kwa kukaa tu pale. Alimwona bwana mmoja aliyebuni jiko lisilotoa moshi. Akakataliwa kwa sababu jiko lake lingewaacha bila kazi wajumbe wa Kamati ya Taifa ya Moshi. Aliona mtambo wa kufuma utepe wa kukata kwenye uzinduzi, mita mia mbili kwa saa. Huo ulipita bila swali, maana kiwanda cha utepe ndicho pekee nchini kinachofanya kazi zamu tatu. Na aliona mashine ya kupiga makofi, iliyoletwa na shemeji wa Waziri ili viganja vya watumishi wa umma vipumzike. Ilipata hataza kabla mwenyewe hajamaliza kuieleza, ikajipigia makofi.

Sasa, ili msomaji asije akadhani watu wale ni wabaya, lazima nieleze desturi yao ya kutia mkono. Ilianza vizuri. Zamani mtu akijenga nyumba ya udongo, kila apitaye alichota konzi moja ya udongo akaibandika ukutani, nyumba ikawa ya wote na hakuna aliyelala nje. Wakubwa wakaipenda sana desturi hii ya wazee, wakaihamishia ofisini. Kila meza ambayo mashine inapitia, mwenye meza hutia mkono wake, yaani huongeza kitu, na jina lake huandikwa kwenye hataza. Kumnyima mkubwa nafasi ya kutia mkono ni kumtukana mbele za watu. Na meza zilikuwa saba.

Ya kwanza ilikuwa ya karani wa mapokezi, kijana mwenye tai fupi.

"Mama, hii haina kufuli," akasema.

"Kufuli la nini, mwanangu?"

"Mtu akiitumia ovyo je?"

Akatia kufuli kwenye kanyagio, akabaki na ufunguo. Meza ya pili alikuwepo Afisa Mchunguzi, mtu makini, aliyetia droo ya bati yenye fomu. Mkunga atajaza nakala tatu kabla ya kunyonya.

"Bwana, wakati huo mtoto anakabwa," Kidawa akasema.

"Ndiyo maana fomu ni fupi, mama. Kurasa nne tu. Hatuna roho mbaya."

Mkuu wa Kitengo alikuwa dereva kabla hajapandishwa cheo, na kwa upande wake mashine isiyo na usukani aliionea huruma. Alitia usukani, akaongeza na honi kutoka kwenye lori la wizara. Naibu Mkurugenzi alitia picha ya Waziri, ya rangi, ndani ya fremu ya kioo. Kila meza ilikula wiki mbili, maana bosi alikuwa safarini, au amerudi amechoka na safari. Kidawa alilala kwa binamu yake, na kila Jumapili alimpigia simu Saumu.

"Mama, mtoto anacheza sana siku hizi. Mashine imefika wapi?"

"Imewekewa honi, mwanangu."

Saumu akauliza, "Ya nini?"

"Hata mimi nawauliza."

Mwezi wa saba wa mimba ulimkuta kwa Mkurugenzi. Huyo alisema mashine hii siku moja itazinduliwa, na mgeni rasmi hawezi kuizindua akiwa amesimama kama mpiga debe. Akatia sofa, la viti viwili, lenye vitambaa vya maua, likafungwa kwa boliti juu ya fremu ya chuma. Pampu ya Kidawa ilikuwa sasa huko chini, kati ya miguu ya sofa, na ili kuiona ilibidi upige magoti.

Kwa Katibu Mkuu alisubiri wiki tatu. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na mapenzi makubwa kwa nchi yake. Akatia spika yenye betri na wimbo wa taifa, beti zote nne, na akaagiza kiwekwe kizuizi ili kanyagio lisisogee mpaka wimbo uishe.

"Mzee," Kidawa akasema, kwa hasira aliyokuwa akiimeza tangu meza ya kwanza, "mtoto asiyepumua hana dakika nne."

Katibu Mkuu akamtazama kwa masikitiko, kwa namna mtu anavyomtazama mgonjwa. "Mama, mtoto atakayezaliwa nchini humu bila kusikia wimbo wa taifa, huyo atakuwa amezaliwa wapi?"

*

Siku ya meza ya saba mashine ilisukumwa na wanaume wanane kuelekea ukumbi wa Waziri. Ikafika mlangoni, ikakwama. Wakaijaribu kwa ubavu, wakaijaribu kwa kichwa, fremu ikachubua ukuta. Waziri mwenyewe akatoka, amevaa suti ya kijivu na beji ya sura yake.

"Ipunguzwe," akasema.

Ipunguzwe nini? Mkono wa nani uondolewe? Kufuli lilikuwa la karani tu, lakini karani alikuwa mpwa wa mtu. Droo ilikuwa ya Mchunguzi, usukani wa Mkuu wa Kitengo, picha haikufikirika hata kidogo. Mkurugenzi alisimama mbele ya sofa lake akiwa amekunja mikono. Waziri akazunguka mashine mara mbili, akainama, akachungulia chini.

"Na hivi vyuma vya huku chini? Vimetiwa na nani?"

Watu wakatazamana. "Vilikuja na huyu mama, Mheshimiwa," akasema karani.

"Ana cheo gani?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Basi."

Fundi wa serikali akaingia chini ya sofa na spana. Pampu ikatoka, kufuli likafunguliwa likabaki kwenye fremu, kanyagio likatoka, chupa ya jamu na mpira vikafuata. Fremu ikashuka inchi nne, mashine ikapita mlangoni bila kugusa ukuta, na shemeji mtu akawasha ile mashine yake ya makofi. Wazee wa ofisi wanasema hawajapata kuona mkono wa Waziri uliotiwa kwa busara kama ule, kwani wenzake sita wote waliongeza, yeye peke yake alipunguza.

Kidawa alipiga magoti kando ya vyuma vyake. "Mheshimiwa, hii ndiyo mashine yenyewe."

Waziri alimwinua kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kiburi. "Mama, usijidharau," akasema kwa upole. "Mashine ni ile pale. Umefanya kazi kubwa, na jina lako litaandikwa kwenye hataza." Na kweli liliandikwa, mwisho kabisa, chini ya majina saba: *Kidawa, mleta mzigo.*

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Langoni hakitoki kitu bila karatasi, na vyuma havikuwa mashine tena, wala sehemu ya mashine, maana mashine kamili ilikuwa ukumbini. Mtunza ghala aliwaza, akalamba kalamu, akaandika: *Taka. Kilo sita. Ruhusa kutoka.* Akapiga muhuri.

Kidawa alifika nyumbani siku ya tatu na kapu kichwani. Saumu alikuwa ametimiza miezi tisa. Bi Mwatime aliisoma ile karatasi, akairudia, akaigeuza nyuma.

"Taka?"

"Taka. Muhuri huo hapo."

"Kwenye kanuni za zahanati," Bi Mwatime akasema polepole, "mashine haramu ipo. Dawa haramu ipo. Taka sijaiona." Akauchukua mpira, akauchemsha, na taka ikawekwa kwenye kona ya chumba cha kujifungulia, imefunikwa khanga.

*

Waziri alichagua kuzindua mashine yake Kichakamba, ili kuwaonyesha wananchi wa chini kwamba ubunifu unawafikia. Ililetwa na lori, ikaingizwa zahanati kwa kubomoa dirisha. Ukuta ukapakwa chokaa, utepe ukafungwa, watoto wa shule wakapangwa juani tangu saa moja.

Saa nne asubuhi uchungu ukamshika Saumu.

Mkuu wa Wilaya alitaka aambiwe avumilie mpaka kesho. Lakini Waziri alipopata habari alifurahi mno, akasema huyu ni mtoto wa uzinduzi, asizuiwe. Chumba kikagawanywa kwa pazia. Upande mmoja Saumu, Bi Mwatime na Kidawa. Upande wa pili wakubwa, mpiga picha, na Waziri amekaa kwenye sofa, mikono kwenye usukani.

Mtoto alizaliwa saa sita kasoro. Alikuwa msichana. Alitoka na rangi ya zambarau, amelegea, na mdomo umejaa ute, na hakulia. Kidawa aliona vile vile alivyoona mwaka uliopita.

"Hapumui," Bi Mwatime akasema.

Upande wa pili wa pazia walisikia. Mkuu wa Wilaya alianza kujaza fomu. Waziri akapiga honi mara mbili, akazungusha usukani, na wimbo wa taifa ukaanza.

Nchini kule, wimbo ukipigwa hakuna anayetikisika. Ni kifungo cha miaka miwili. Wakubwa wote walisimama wima, macho juu, mikono kifuani, Mkuu wa Wilaya akiwa na kalamu hewani. Hata Bi Mwatime, miaka ishirini na sita kazini, mwili wake ulikakamaa wenyewe kabla akili haijauliza. Ubeti wa kwanza ulisifu milima.

Kidawa akavuta khanga. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsukuma Bi Mwatime kwa kiwiko, akasema, "Shika mpira, dada, au nitaushika mwenyewe." Bi Mwatime akashtuka kama mtu aliyeamshwa, akashika mpira. Kidawa akakanyaga. Chuma kililia kwaru, kwaru, kwaru, katikati ya ubeti wa pili unaosifu mito, na wakubwa upande wa pili walisikia, na hakuna aliyeweza kugeuza shingo. Chupa ikaanza kupokea ute. Ubeti wa tatu ulimsifu Waziri, aliyeongezwa wimboni hivi karibuni. Kidawa alikuwa akisema kitu chini kwa chini, si dua wala si tusi, ila mchanganyiko wa vyote viwili.

Mwanzoni mwa ubeti wa nne mtoto alilia. Alilia kwa kelele ya mtu aliyekosewa adabu, juu ya spika, juu ya milima na mito yote, na Saumu naye akalia, na Kidawa akalala kifudifudi juu ya magoti yake akashindwa kuinuka.

Wimbo ukaisha. Waziri alikuwa na machozi.

"Mmesikia wenyewe!" akasema. "Mashine imefanya kazi."

*

Jioni ile ile Kidawa aliitwa kituo cha polisi. Mkuu wa kituo alimpa kiti na maji, maana alikuwa na tatizo na alihitaji msaada.

"Mama, kuna mashtaka mawili," akasema. "La kwanza, ulikanyaga chuma wakati wa wimbo. Watu kumi na wanne wamesikia. La pili, mjukuu wako alipiga kelele wakati wa wimbo, lakini huyo tutamwangalia umri."

"Nilikanyaga," Kidawa akasema. "Andika."

"Ngoja kwanza." Akavuta kiti karibu. "Ukikanyaga, ina maana chuma chako ndicho kilichomwokoa mtoto. Na kama ni chuma chako, basi mashine ya Mheshimiwa haikufanya kazi. Na hilo, mama, kifungo chake si miaka miwili. Kwa hiyo ili usifungwe kwa kumwaibisha Waziri, inabidi ionekane hukukanyaga. Ukiwa hukukanyaga, huna kosa. Unaona jinsi sheria inavyokupenda?"

Akamsogezea karatasi iliyokwisha kuandikwa: *Mimi Kidawa, siku ya uzinduzi nilisimama wima kama wengine na sikufanya kitu chochote.*

Kidawa aliisoma mara tatu. Alifikiri habari za Saumu, aliyelala zahanati hana mtu mwingine, na za Bi Mwatime aliyeshika mpira. Akauliza, "Na vyuma vyangu?"

"Vyuma gani? Si taka ile? Taka ni yako, una karatasi."

Akatia saini. Nasema akatia saini, na wewe unayesoma ukiwa umekaa salama usimcheke.

Hataza ikawa imethibitika, na mashine kumi na saba za namna ile zikaundwa: kufuli, droo, usukani na honi, picha, sofa, wimbo. Zikapelekwa zahanati kumi na saba, madirisha kumi na saba yakabomolewa. Mwisho wa mwaka wizara ilitoa ripoti. Kichakamba watoto wote tisa waliozaliwa bila pumzi waliokolewa. Kwingineko kote wimbo ulipigwa vizuri, bila kukatika hata mara moja, na watoto kumi na mmoja hawakulia. Tume ilikaa hotelini wiki sita kuchunguza tofauti hiyo, ikagundua kwamba vichanga wa sehemu hizo wana upungufu wa uzalendo.

Bi Mwatime ndiye aliyemsomea Kidawa ripoti, barazani, wakati mjukuu anatambaa kwenye mkeka. Kidawa alisikiliza mpaka mwisho. Safari hii alilia, tena kwa sauti, mbele ya wapita njia.

"Sikufanya kitu chochote," akasema. "Niliandika hivyo kwa mkono wangu, na wao wakaamini. Kumi na mmoja, Mwatime."

Alipomaliza kulia alinawa uso, akaenda sokoni kuuliza nani ana kanyagio la cherehani bovu. Akauliza na pampu za baiskeli. Mafundi wenzake walishangaa, kisha waliacha kushangaa wakaanza kusaidia, na baada ya miezi miwili kulikuwa na magunia kumi na saba ukutani kwake, kilo sita kila moja. Akapata lifti kwenye lori la vitunguu.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa njia panda ya kwenda mikoani. Askari mrefu alipanda nyuma ya lori, akafungua gunia, akatoa kanyagio, pampu, chupa ya jamu na mpira. Akavipanga mbele yake kimoja kimoja.

"Mama, umebeba nini hapa?"

"Taka," Kidawa akasema, akampa ile karatasi yenye muhuri, ambayo ilikuwa ya kilo sita tu, na mbele yao palikuwa na zaidi ya mia moja.

Askari aliisoma. Akahesabu magunia kwa macho. Akashika kanyagio, akalisukuma kwa kiganja, akaweka kidole kwenye mdomo wa mpira, na mpira ukamvuta ngozi. Dereva wa lori akazima injini, akijua hapa ni kulala.

"Hizi taka," askari akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "na zahanati ya Mlowezi zinafika?"

"Mlowezi ni ya tisa kwenye safari yangu. Kwa nini?"

"Mke wangu yuko huko kwa mama yake. Wamesema ni wiki ijayo au ile ya pili yake."

Kidawa akafungua kifuko, akatoa orodha yake ya zahanati, akafuta, akaandika upya. Askari akarudisha kila kitu kwenye gunia, akalifunga kwa fundo zuri kuliko alilolikuta. Akashuka, akaenda kwenye kitabu kikubwa cha kizuizi, na safu ya mzigo akaijaza kwa herufi kubwa ili wenzake wa mbele wasije wakakosea kusoma: TAKA. ZISICHELEWESHWE.